Nimejaribu mbinu za kupunguza stresi ya kazi, hizi ndo zilizobaki

Mi kazi yangu ni kupokea simu za wateja, kasitoma kea, na anayeijua ile kazi anajua, hedifoni kichwani kutwa, kwenye skrini unaona kabisa watu wangapi wako foleni, na kila unayempokea anaanza kwa kufoka. Ikafika hatua mtu ananisalimia nyumbani namjibu "karibu, nikusaidie nini?" kwa sauti ile ile ya ofisini halafu sina hata nguvu ya kucheka.

WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 waliuingiza uchovu wa aina hii kwenye orodha yao ya magonjwa, ICD-11, ila wakasema wazi sio ugonjwa, ni hali inayotokana na stresi ya kazini iliyoachwa bila kushughulikiwa. Dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na utendaji kushuka. Mi ninazo zote jamani, basi nikaanza kujaribu vitu.

Pomodoro ya yule Muitaliano Francesco Cirillo, dakika 25 kazi 5 mapumziko, labda kwa anayesoma au kuandika. Kwetu ukivua hedifoni kabla ya breki mfumo unakuandika na supavaiza anakuja kusimama nyuma ya kiti. Hiyo haikumaliza hata siku.

Iliyonishangaza ni kupumua. Unavuta hewa puani ukihesabu taratibu hadi 4, unaitoa ukihesabu hadi 6, na kazi kubwa iko kwenye kutoa, maana ukitoa pumzi mapigo ya moyo yanapungua kasi kidogo, ndo mwili ulivyoumbwa. Kati ya simu na simu tuna sekunde chache za kuandika maelezo ya mteja, mi naandika huku natoa pumzi, hakuna anayejua. Hasira haiishi, ila mteja wa pili hapokei majibu niliyotaka kumpa wa kwanza.

Kuandika nako kumenikaa. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1980 anatafiti watu wanaoandika kinachowauma kwa dakika 15 hadi 20 hivi bila kujali sarufi, na ukimaliza unaweza kujisikia vibaya kwanza, hilo nathibitisha. Kuna mama alituma ada ya mtoto namba siyo, naangalia kwenye mfumo hela imeshatolewa, na yeye bado anaongea kwa upole kabisa, "mwanangu naomba unisaidie tu." Anayefoka unamsahau, huyu nilirudi naye nyumbani kichwani. Nikamwandika kwenye daftari, kila kitu, hadi kuku waliokuwa wanasikika nyuma yake, ndo nikapata usingizi.

Ya kukaza misuli na kuiachia, ambayo daktari wa Marekani Edmund Jacobson aliitolea kitabu 1929, unaanza na vidole vya miguu unapanda hadi usoni. Huwa sifiki magotini nimeshasinzia, kwa hiyo huko juu sijui kukoje.

Sasa kilichopunguza zaidi hakipo kwenye video yoyote niliyoangalia, ni ratiba. Tulikuwa tunachanganyiwa shifti, leo usiku, keshokutwa alfajiri, mwili haujui ulale saa ngapi, unakunywa kahawa uamke halafu saa za kulala unakodoa macho darini. Tukakaa wachache tukamfuata supavaiza na ratiba tuliyochora wenyewe kwenye karatasi, mtu akae shifti moja wiki nzima ndo abadilishwe, kwa ofisi hakuna gharama inayoongezeka, akasema haya tujaribu. Usingizi ukarudi na hasira nyingi zikaondoka nao. Ndo maana zile video za "badili mtazamo wako" zinaniudhi, mtazamo wangu ulikuwa mzima, nilikuwa silali.

Yoga bado. Chumba changu cha kupanga kitanda kimeshakula nafasi yote, pale palipobaki kuna ndoo na jiko la gesi, sasa aliyeiweza kwenye chumba kama changu aniambie miguu anaipeleka wapi.