Uchochezi wa pepopunda

Juzi kijana wangu kakanyaga msumari kule Kibirizi, kwenye mitumbwi. Zahanati wakamchoma sindano. Tunarudi, yeye anachechemea, akauliza: "Baba, pepopunda ni punda wa nani?"

Nikacheka njiani kama mwehu. Si kwa ajili yake. Nilishafika Tabora, kidato cha tano, somo la misuli.

Mwalimu (jina nalihifadhi, siku hizi ana simu janja) aliandika ubaoni neno tetaniki, akasema ni sifa ya namna fulani ya kusisimua msuli. Nani atatueleza kwa Kiswahili? Mkono wangu ukawa wa kwanza hewani.

"Uchochezi wa pepopunda, mwalimu!"

Darasa likalipuka. Wa nyuma akadakia kwamba kwa uchochezi huo nitalala polisi.

Mwalimu hakucheka. Aliagiza ndoo ya maji, ikaja nusu. "Njoo mbele. Kunja kiwiko, shika hapo hapo." Nikashika. Mpini ulikuwa waya mtupu, kile kishikio cha plastiki kilishang'oka zamani, ukaanza kunila vidole. Yeye anaongea taratibu, chaki mkononi. Msuli ukipigwa umeme mara moja, unashtuka, unalegea. Ukipigwa tena kabla haujalegea, mshtuko unapanda juu ya mwenzake. Ukipigwa makumi ya mara kwa sekunde, kulegea hakupo tena, mishtuko inaungana, unabaki umekaza. Hiyo ndiyo tetaniki. Neno la Kigiriki, la kuvutika na kukakamaa. Pepopunda nayo, kwa Kiingereza tetanus, imeitwa kwa neno hilo hilo, maana sumu ya bakteria wake inazima neva zinazouambia msuli utulie.

Maji yalianza kutetemeka ndooni kabla sijahisi mkono wangu ukitetemeka. Nilikuwa nayatazama tu, viduara vidogo vidogo, na tone likanidondokea kiatuni.

"Mkono umekaza?"

"Umekaza, mwalimu."

"Una pepopunda?"

"Sina, mwalimu."

"Kaa."

Mtihani wa taifa haukuligusa neno hilo. Miaka mingi baadaye nilikutana naye stesheni ya Tabora, nikamwamkia, nikamkumbusha ndoo. Hakuikumbuka, wala mimi hakunikumbuka. Kwa hiyo sijui kama siku ile nilifundishwa au niliadhibiwa.

Kijana nikamwambia si punda wa mtu, ni msuli kushindwa kulegea. Akafikiri hatua kadhaa.

"Kwa hiyo punda hayupo?"

"Hayupo."

Akanyong'onyea.