Nilivyoshusha sakafu ya stoo iliyo chini ya nyumba, Mji wa Kale

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, upande ambao ardhi inateremkia baharini. Ukiingia kwa mlango wa mbele uko sawa na njia, lakini chumba cha nyuma kina kingine chini yake: stoo ya mawe, giza tupu, ambayo mtu mzima haingii bila kuinama. Marehemu baba akiweka humo magunia na mitungi. Mimi nilitaka chumba cha cherehani za mke wangu, maana sebule ilikuwa haipitiki tena kwa vitambaa. Kupandisha nyumba juu sikukufikiria sana. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990, na sura ya nyumba haibadilishwi ovyo. Nikaamua kwenda chini.

Kila niliyemwambia alinishika mkono akaniuliza kama sitaki kuishi. Walikuwa wanaogopa kuta. Mimi nilikuwa naogopa maji zaidi.

Mombasa imekaa juu ya matumbawe ya kale, na jiwe hilo limejaa matundu. Bahari ikijaa, maji yaliyo chini ya ardhi karibu na pwani nayo hupanda, yakichelewa kidogo nyuma ya bahari. Tofauti kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua kubwa, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, inaweza kukaribia mita 4. Basi stoo kavu asubuhi ya maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, haikwambii kitu. Nikamwomba fundi atoboe kishimo kimoja katikati, chembamba, cha kwenda chini kuliko sakafu niliyoitaka. Tukasimamisha ufito wenye alama, nikawa nashuka na tochi bahari ikishajaa. Nilifanya hivyo Septemba hadi Oktoba, kwa sababu bamvua kubwa zaidi za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, mwezi ukiwa mchanga au mpevu.

Ufito ule ndio uliopanga kazi yote. Mimi nilitaka kushuka futi nne. Maji ya bamvua yalipanda hadi futi tatu na kidogo chini ya sakafu ya zamani. Injinia alipoona alama akasema tuishie futi mbili na nusu tukihesabu unene wote: kokoto, zege, kila kitu. Nikamwuliza, je, tukipiga zege nzito isiyopitisha maji tukashuka tunakotaka? Akanifanyia hesabu pale pale. Maji yakisimama mita 1 juu ya kitako cha sakafu, huisukuma kwenda juu kwa uzito wa takriban tani 1 kwa kila mita ya mraba. Zege ya sentimita 10 ina uzito wa kama robo tani tu kwa eneo hilo hilo. Itainuka au itapasuka. Kuizuia ni lazima iwe nene sana na ifungwe na kuta kwa nondo, na kuta zetu ni za mawe na chokaa. Hazina pa kufungia nondo. Nikakubali futi mbili na nusu.

Ruhusa ilinichosha kuliko kuchimba. Michoro ya injinia ilipelekwa kaunti, na kwa kuwa ni Mji wa Kale watu wa uhifadhi walio chini ya Makumbusho ya Taifa nao wakaja kutazama. Kwao nilipata faida nisiyoitarajia: mmoja wao alituonya tutafute shimo la zamani la choo kabla ya kuanza. Tukagonga sakafu nzima kwa mtaimbo, na pembe moja ikaita kama ngoma. Lilikuwa lipo kweli. Tulilifungua tukaliacha lipate hewa, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingiza kichwa, halafu likajazwa mawe na zege dhaifu.

Sasa kuta. Ukuta mmoja ni wa shirika na jirani. Nilikwenda kwake baada ya magharibi, nikamweleza, "Ami, sitagusa chini ya ukuta wetu." Akanijibu, "Mwanangu, usiniambie, nionyeshe." Nikarudi na mchoro. Upande huo hatukuchimba kabisa hadi ukutani. Tuliacha ardhi ya asili, pana kama kimo chake au zaidi, tukaizuia kwa ukuta mfupi wa zege, juu tukasakafu. Limekuwa baraza refu la kukalia, na vitambaa hupangwa hapo. Chumba kimepungua upana, na hakikuwa kipana: boriti za mikoko za dari ndizo zilizopima vyumba vya nyumba hizi tangu mwanzo, na chetu hakifiki mita 3. Hata hivyo ningechagua hivyo tena. Njia hii ni rahisi na haihitaji mtu kuingia chini ya msingi.

Ukuta wa pili ni wetu wenyewe, na huo ulishikwa kutoka chini. Msingi wake ulikuwa mawe yaliyolazwa juu ya tumbawe, basi. Injinia aliugawa vipande visivyozidi mita 1, akaviandika nambari kwa chaki ukutani. Unachimba namba moja, unamwaga zege chini yake, unaacha mwanya wa kama inchi mbili juu. Zege ikishika, mwanya unashindiliwa saruji na mchanga uliolowa kidogo tu, mkavu kiasi kwamba ukiufumbata haudondoshi maji. Hapo ndipo ukuta unapokaa juu ya mguu wake mpya. Kipande cha pembeni hakiguswi hadi hiki kimekomaa, unarukia mbali. Vibarua waliona ni uvivu. Fundi mkuu alisimama na chaki yake, hakuna aliyemshinda.

Mashine ya kubomolea ilikatazwa, maana mtetemo huachanisha chokaa ya zamani. Tumbawe lilikatwa kwa tindo na sururu, mahali laini kama jibini, mahali linatoa cheche. Vifusi vilitoka kwa magunia na mkokoteni hadi lori linapoweza kusimama, kwa kuwa kichochoro chetu hakipitishi hata tuktuk. Na jiwe likishavunjwa huvimba: ukihesabu shimo peke yake, ongeza karibu nusu kabla ya kupatana na hamali. Jenereta ya pampu ilikaa nje siku zote, moshi wake ukijaa chumba kama kile unaua. Kazi yote tuliifanya Januari na Februari, vuli imekwisha na masika bado.

Mchanga tulinunua wa mtoni. Wa ufuoni una chumvi, na chumvi hula nondo. Sakafuni tumeweka kokoto kwanza, karatasi nene ya nailoni, kisha zege, na pembeni kishimo chenye pampu ndogo inayojiwasha yenyewe. Kuta fundi mmoja alitaka kuzipiga plasta ya saruji zing'ae. Nikakataa. Ukuta wa matumbawe hupitisha unyevu, na ukiuziba kwa saruji unyevu hupanda hadi chumba cha juu na chumvi huibambatua plasta. Tumepaka chokaa, nayo hurudiwa kila mwaka.

Ami naye sasa anataka stoo yake ishushwe. Nyumba yake iko chini zaidi ya yetu kuelekea baharini. Fundi amemtobolea kishimo na kumwachia ufito, wanangoja bamvua la Machi.