Ngazi iliyonisumbua kwenye osiloskopu

Kwenye osiloskopu, chombo kinachochora jinsi volti zinavyobadilika kwa muda, mpigo wa volti 5 kutoka kwenye jenereta ya ishara ulipaswa kupanda mara moja. Badala yake, pale mwanzoni mwa kebo ulipanda hadi volti 2.5, ukasimama kama nanosekunde 100, ndipo ukafika 5. Nililaumu jenereta, nikabadilisha. Ngazi hiyo ya volti 2.5 ikabaki palepale.

Kilichonifumbua macho ni kebo fupi. Nilipotoa ya koaksio (waya wa kati uliozungukwa na kihami na ngao ya chuma) ya mita 10 na kuweka ya mita 5, ngazi ilipungua hadi nanosekunde 50. Kumbe nilikuwa natazama safari ya wimbi! Kwenye kebo kama hiyo ishara huenda takriban sentimita 20 kwa nanosekunde: mita 10 kwenda, mita 10 kurudi, jumla nanosekunde 100.

Mwisho wa kebo ulikuwa kwenye osiloskopu yenye ukinzani wa megaomu 1, ilhali impidansi ya kebo (uwiano wa volti na mkondo wa wimbi linalosafiri ndani yake) ni omu 50. Kigawo cha mwakisiko, yaani sehemu ya wimbi inayorudishwa, ni (Z−50)/(Z+50), Z ikiwa ukinzani wa mwisho wa kebo; hapa kinakaribia 1, hivyo wimbi karibu lote lilirudi na kuongeza volti 2.5 nyingine. (Fomula hiyo niliikariri kwa ajili ya mtihani tu.)

Nikafunga rezista ya omu 50 mwishoni. Ngazi ikatoweka, mpigo ukabaki volti 2.5 tambarare, kwani jenereta nayo ina omu 50 ndani yake.