Nilivyoifungua darubini iliyokuwa nzima

Mimi ni fundi simu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoiponza darubini yangu ya kwanza.

Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Dodoma, laki moja na themanini, boksi limechakaa lakini picha ya Zohali, ile sayari yenye pete, pale juu bado inang'aa. Kando ya picha wameandika 525x, yaani inakuza mara 525, kwa maandishi makubwa kuliko jina la darubini yenyewe. Nilifika nayo nyumbani Veyula saa kumi jioni, nikaifunga kwenye stendi, nikaielekeza kwenye mnara wa simu ulioko mbali ng'ambo ya mashamba. Mnara ukatokea, ila ulikuwa unaning'inia kama popo, kichwa chini.

Kwa fundi, kitu kinachoonyesha picha kichwa chini ni kibovu. Nikachukua bisibisi. Nyuma ya bomba kulikuwa na skrubu sita. Nikazilegeza zote, nikatoa kioo, nikakitazama, hakina hata mkwaruzo, nikakirudisha. Mnara bado umening'inia. Na usiku ule kila nyota niliyoitazama ilikuwa na mkia.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba darubini ya kioo ya namna ile, ambayo Newton aliitengeneza ya kwanza mwaka 1668, hugeuza picha kwa maumbile yake. Watazama nyota hawajali, kwani Mwezi ukiwa kichwa chini unapungukiwa nini? Ilikuwa nzima. Mikia ya nyota niliileta mimi nilipozigusa zile skrubu, maana vioo viwili vya ndani lazima vitazamane sawasawa.

Kuirekebisha kulinichukua wiki mbili za kubahatisha, kisha dakika kumi nilipopata akili. Nilitafuta kifuniko cha plastiki kinachoingia kwenye tundu la lenzi, nikakitoboa katikati kabisa kwa sindano ya moto. Ukichungulia kwenye kitundu hicho mchana unaona kioo kikubwa, ndani yake kivuli cha kioo kidogo, na ndani ya kivuli hicho jicho lako mwenyewe. Unazungusha skrubu robo kwa robo mpaka miduara yote ikae katikati ya mwenzake. Ni kazi ileile ya kupanga lenzi ya kamera ya simu, isipokuwa hapa hakuna mteja anayekuuliza "bado?" kila baada ya dakika mbili.

Sasa hiyo 525x. Hesabu yake haina siri: unachukua urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokutana, unagawa kwa ule wa lenzi ya kuchungulia. Yangu ilikuwa milimita 700, lenzi ndogo kuliko zote milimita 4, unapata 175. Ndani ya boksi kuna kipande kingine cha kuzidisha mara tatu, ndiyo ikafika 525. Hesabu ni sahihi na bado ni uongo. Kioo changu kilikuwa na kipenyo cha milimita 76, na kioo hubeba ukuzaji wa kama mara mbili ya milimita zake, yaani 150 hivi, tena anga ikiwa imetulia. Ukizidisha hapo unapata giza lenye ukungu. Galileo aliona miezi minne ya sayari ya Mshtarii (Jupita) Januari 1610 kwa darubini iliyokuza kama mara 20 tu. Kwa hiyo mtu akikuuzia darubini kwa kukutajia inakuza mara ngapi, muulize kipenyo. Akikosa jibu, funga pochi.

Lakini hata kipenyo si ndicho kilichonichosha. Ni miguu. Stendi ile ilikuwa nyembamba kiasi kwamba nikigusa tu kitasa cha kufokasi, Mshtarii anacheza dansi sekunde nne tano ndipo atulie, na akitulia ameshatoka kwenye picha, kwa sababu dunia haikusubiri. Upepo wa Dodoma mnaufahamu. Kuanzia Juni mpaka Septemba, miezi ileile ambayo anga ni safi kuliko mingine yote, ndiyo unavuma haswa.

Mteja wangu mmoja, mwalimu, aliponiletea darubini yake "niiangalie kidogo", nilidhani nimepata dawa. Ilikuwa na stendi nzito ya ikweta, ambayo mhimili wake huinamishwa ili darubini izifuate nyota dunia ikizunguka, yenye uzito wa chuma wa kusawazisha. Kijitabu kinasema: elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo iko chini ya upeo wetu, hatuioni mwaka mzima. Basi tukaelekeza kusini, ambako ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huizunguka, iko nyuzi 6 tu juu ya upeo. Mhimili ukalala karibu sawa na ardhi, na ule uzito wa chuma kila ukizunguka unagonga mguu wa stendi. Inaitwa stendi ya ikweta, na ikweta ndiko inakosumbua. Nilimrudishia mwalimu bila kumtoza kitu.

Niliyo nayo leo ni kioo cha milimita 130 kwenye kibao kinachozunguka kushoto kulia, bomba linapanda na kushuka, basi. Mtindo huo ulienezwa na John Dobson, aliyekuwa akiwaonyesha Mwezi wapita njia kwenye vijia vya San Francisco. Shemeji yangu aliniletea kutoka Muskat, imefungwa ndani ya blanketi. Ni fupi, ya kuweka mezani, nami nimeiweka juu ya nusu pipa lililojaa mchanga. Haitikisiki. Lenzi ni mbili: ya milimita 25 inakuza mara 26, ya milimita 10 mara 65. Sijawahi kutamani 525.

Ina kasoro yake. Huku kwetu sayari hupita karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa, na kibao hiki hakipendi utosi. Bomba likisimama wima, kulisogeza pembeni ni kama kugeuza mkokoteni uchochoroni. Septemba 2025 Zohali alipita hapo hapo usiku wa manane. Nikasubiri ashuke kidogo magharibi. Pete zilikuwa nyembamba kama waya, kwa kuwa Machi mwaka huo zilikuwa zimetugeuzia ubavu kabisa, jambo linalotokea kila baada ya miaka kama 15. Jirani niliyemwita aone pete akaniuliza kama nimeikwangua lenzi.

Kwa anayeanza, mimi nasema achana na sayari kwanza. Mwezi Mei, kama saa tatu usiku, tazama kusini: Msalaba wa Kusini, nyota zilizopangika kama msalaba, umesimama wima, na kushoto kwake nyota mbili kali. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Sentauri. Weka lenzi ya milimita 10, ile nyota moja inapasuka kuwa mbili. Sasa rudi kwenye ile ya karibu, Beta. Panda juu yake kwa upana usiofika ngumi moja ya mkono ulionyooshwa, utakuta nyota ya wastani. Endelea mwelekeo uleule, umbali uleule tena. Pana kitu kama nyota iliyopakwa mafuta. Ni Omega Sentauri, nyota kama milioni 10 zilizokusanyika pamoja. Kwa lenzi ya 25 ni wingu la mviringo. Kwa ya 10, ukitulia, kingo zake zinaanza kuvunjika chenga chenga kama unga wa mtama uliosagwa nusu.

Novemba mzee anayelima nyuma ya kwangu alipita jioni akitoka kutazama shamba. Shikamoo, marahaba fundi, hiki ni nini. Nikampa kiti. Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wakulima hulitazama kujua msimu wa kupanda, kilikuwa kimechomoza mashariki, nikakiweka kwenye lenzi ya 25, kikajaa mviringo wote. Akakaa kimya muda mrefu, midomo inahesabu.

"Hizi ni ngapi?"

"Nyingi, mzee. Makumi."

Akainua uso, akakitazama Kilimia kwa macho yake, akahesabu tena kwa kidole. "Za kwangu ni sita," akasema. "Hizo zilizozidi ni za mashine yako."

Akachukua jembe lake akaondoka. Kesho yake alfajiri nilimsikia akipanda.