Siku Moja Maishani Mwangu: Uji Mmoja, Marika Matatu

Saa 10:45 alfajiri

Siku yangu huanzia jikoni, kabla ya adhana. Mimi ni mkusanya takwimu katika utafiti mdogo wa lishe hapa Morogoro, na wiki hii tunapima kiwango cha utamu kinachopendwa na watu wa marika matatu: watoto wa shule ya msingi, vijana, na wazee waliopita miaka 60. Napika uji wa dona katika sufuria moja kubwa, nauacha uchemke hadi harufu ya unga mbichi itoweke, kisha naugawa katika sufuria tatu ndogo na kutia sukari niliyoipima jana usiku kwa mizani: gramu 30, gramu 60 na gramu 120 kwa kila lita. Uji wote ukipikwa kwa pamoja, kisha sukari ikitiwa mwishoni, nina hakika kwamba vikombe vinatofautiana kwa sukari tu, wala si kwa moshi, mabonge au kuungua kwa chini.

Kijiko sikitumii kamwe. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4 za sukari, lakini ni nani kwetu anayesawazisha kijiko? Tunachota kwa kilima, na kilima cha mtu mmoja si kilima cha mwenzake.

Chupa tatu za chai zinabandikwa namba 417, 862 na 295. Wageni wa kazi hii huuliza kwa nini tusiandike A, B na C, au 1, 2 na 3. Mtoto yeyote aliyekaa darasani anajua kwamba namba 1 ni ya mwanafunzi bora, na mtu mzima anajua kwamba A ni alama ya juu. Ukimpa kikombe chenye alama hiyo, umekwisha kumnong'oneza jibu. Namba ya tarakimu tatu iliyookotwa bila mpango haina cheo.

Naoga kwa sabuni isiyo na manukato na sijipaki mafuta yenye harufu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha huingilia puani. Huo ndio msiba mdogo wa ajira yangu: hata siku za mapumziko nimesahau kunukia.

Saa 2:30 asubuhi

Tupo shuleni, chini ya milima ya Uluguru, katika darasa tulilopewa kwa saa moja na nusu. Barua za ridhaa za wazazi zilikusanywa wiki iliyopita, lakini kila mtoto anaulizwa tena leo, kwa sababu ruhusa ya mzazi haimlazimishi mtoto kunywa. Watoto ni 18, na idadi hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Vikombe vitatu vinaweza kupangwa kwa mifuatano sita tofauti, kwa hiyo kila mfuatano unawapata watoto watatu. Kikombe cha kwanza huwa na bahati ya njaa na cha mwisho huwa na balaa ya shibe. Mpangilio huu unagawa bahati na balaa kwa usawa.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyetia sukari, mimi sigawi wala siulizi, maana uso wangu ungeweza kusema kile ambacho mdomo umekificha. Mwenzangu, asiyejua namba ipi ina sukari ipi, ndiye anayekaa mbele ya mwonjaji. Mimi nakaa nyuma na mizani. Kila kikombe kinatoka na gramu 60 za uji, na kila kinachorudi kinapimwa tena.

Kati ya mtoto na mtoto tumesimamisha maboksi yaliyokatwa ili wasichunguliane. Mbele ya kila mmoja ipo karatasi yenye nyuso tano, kuanzia uso wenye machozi hadi uso unaocheka kwa meno yote. Kabla ya uji, mwenzangu anawafanyisha zoezi: "Ukipewa pipi, utaonyesha uso gani? Na ukipewa ile dawa chungu ya maji?" Zoezi hili tulilianzisha baada ya mtoto mmoja, katika majaribio ya awali, kuonyesha uso wa machozi kwa vikombe vyote vitatu alivyovimaliza hadi tone la mwisho. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba uso ule unafanana na mdogo wake. Alikuwa akichagua picha, wala hakuwa akipima uji.

Leo hakuna tatizo hilo. Uji wa 295, wenye gramu 120, unarudi ukiwa vikombe vitupu, na vingine vimelambwa hata mizani inasoma sifuri. Jambo hili halinishangazi. Katika kituo cha Monell, kilichopo Philadelphia nchini Marekani, ambako hisia za ladha na harufu zimechunguzwa tangu mwaka 1968, watafiti walitumia maji yenye sukari ya asilimia 3, 6, 12, 24 na 36 na kuona kwamba watoto huchagua utamu wa juu kuliko watu wazima. Uji wangu mtamu kuliko wote, wenye takriban asilimia 12, ni ngazi ya tatu tu kati ya hizo tano. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwili unaokua unahitaji nishati nyingi, na utamu ndio ishara yake ya zamani kuliko zote. Maziwa ya mama yenyewe ni matamu. Watafiti wa kituo hicho waliwapima pia baadhi ya vijana mara mbili, miaka 10 ikiwa imepita katikati, na kuona kwamba hamu ya utamu mkali ilishuka kadiri walivyokomaa. Kwa hiyo mzazi anayelalamika kwamba mwanawe "ameharibiwa na sukari" anasema nusu ya ukweli: ulimi wa mtoto unaomba hivyo wenyewe, ingawa anayejaza kikombe ni mtu mzima.

Saa 5:15 asubuhi

Kijiweni kwa vijana wa bodaboda kazi ni ngumu zaidi. Hapa hatutumii nyuso. Tunatumia kipimo chenye ngazi tisa, kuanzia "nauchukia mno" hadi "naupenda mno," huku katikati pakiwa na "siupendi wala siuchukii." Kipimo hicho kilitungwa mjini Chicago mwishoni mwa miaka ya 1940 na David Peryam na wenzake, waliokuwa wakitafuta njia ya kujua askari wa Marekani wanapenda chakula gani kati ya kile wanachopewa. Kukihamishia kwenye Kiswahili hakukuwa kazi ya kukaa na kamusi. Ngazi ya sita na ya saba zilitusumbua wiki nzima, kwa kuwa mtu wa hapa akisema anapenda "kiasi" na mwingine akisema anapenda "kidogo," huwezi kuapa ni nani aliyependa zaidi. Tuliwapa watu wa mtaani maneno yote tisa kwenye vikaratasi na kuwaomba wayapange wenyewe kutoka chini hadi juu, na maneno yaliyopangwa kwa mfuatano mmoja na watu wengi ndiyo yaliyobaki kwenye fomu.

Tatizo la vijana ni kwamba wanaonja kwa masikio. Wa kwanza alipokea 295, akatikisa kichwa na kutangaza, "Dada, huu ni uji wa kliniki, mpelekeeni mtoto," na kijiwe kizima kikaangua kicheko. Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kuupa uji ule zaidi ya ngazi ya tano. Ilibidi mwenzangu ahamishe kiti nyuma ya kibanda cha vocha na kuwaita mmoja mmoja. Mizani yangu, hata hivyo, haikuwa na mpango wa kukiridhisha kijiwe. Kijana huyohuyo aliyeudhihaki alirudisha kikombe chenye gramu 3 tu, na alipofika mara ya pili, akiwa peke yake, aliuliza kama umebaki.

Saa 7:20 mchana

Wali na maharage kwa mama lishe, pamoja na chai isiyo na sukari. Mama lishe ananitazama kwa huruma, kana kwamba nimefiwa.

Saa 8:30 mchana

Wazee wanatusubiri barazani kwa mwenyekiti wa mtaa. Shikamoo zinachukua muda wake, nazo hazifupishwi. Kabla ya kuonja tunamuuliza kila mmoja faraghani kuhusu kisukari na dawa anazotumia. Babu mmoja, ambaye kadi yake ya kliniki inaonyesha wazi kwamba ana kisukari, anaomba aonje "kidogo tu, kwa ajili ya sayansi." Tunakataa kwa upole na kumwomba atusimulie mlo wake wa jana badala yake, anakubali, lakini haachi kuitazama chupa.

Hapa tunapata ajali ya siku. Kizibo cha chupa ya 862 kimelegea, na kipimajoto kinaonyesha kwamba uji wake umepoa kuliko mwingine. Utamu husikika zaidi kitu kikiwa na uvuguvugu kuliko kikiwa baridi, kwa hiyo tukigawa hivyo tutakuwa tunapima kizibo. Tunaazima jiko la jirani, tunaupasha moto taratibu huku tukiukoroga, na kufidia kwa uzito maji yaliyopotea kwa mvuke. Nusu saa imekwenda.

Kisha tunaanza, na adabu inaingia kazini. Bibi mmoja anaonja 417 na kusema, "Mzuri, mjukuu wangu." Anaonja 862. "Mzuri." Anaonja 295, ananyamaza kidogo, anameza. "Nao mzuri, Mungu awabariki." Ngazi ya tisa, mara tatu. Amelelewa kutokitia kasoro chakula cha mtu, na kipimo cha Chicago hakina ngazi ya malezi hayo. Vikombe vyake vinanifikia mimi nyuma: 417 umebaki gramu 6, 862 gramu 19, na 295 gramu 44. Uji wa 295 umekwisha kuwa majimaji, kwa kuwa alirudisha kijiko mara kadhaa, na mate ya binadamu yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Uzito, lakini, haujabadilika.

Ningeweza kuandika kwamba wazee hawapendi utamu, nami ningekuwa nimekosea. Kwa kawaida umri hudhoofisha uwezo wa kunusa kuliko uwezo wa kuonja, na baadhi ya dawa hukausha mate au hubadilisha ladha mdomoni, kwa hiyo wapo wazee wanaoongeza sukari na chumvi ili wasikie kitu. Babu aliyeketi mwisho wa baraza ameumaliza wa 295 na kuulizia mwingine. Lakini bibi yule, fomu ilipokwisha kufungwa na mwenzangu alipokuwa akikusanya vikombe, aliuliza kwa sauti ya chini, "Hamkubeba hata ndimu?" Akaeleza kwamba uji wa kwao ulikuwa wa ukwaju, au wa unga uliolazwa hadi uchachuke, na kwamba uji usio na ukali humkaa mdomoni kama dawa. Wenzake wawili wakaitikia. Fomu yetu ina maswali mengi kuhusu utamu na haina hata moja kuhusu uchachu.

Saa 10:15 jioni

Sehemu ya pili ya kazi ni mahojiano ya mlo wa saa 24, ambayo naifanya mwenyewe. Mama wa watoto watatu ananikaribisha kwenye kigoda, na tunapitia siku yake ya jana kwa mizunguko mitano: kwanza anataja vyakula jinsi vinavyomjia, kisha namkumbusha vile vinavyosahaulika, halafu tunaweka saa na mahali, halafu vipimo na namna ya kupika, mwisho tunasoma yote upya.

Mzunguko wa kwanza unatoa chai, maandazi mawili, ugali na dagaa, basi. Wa pili unafukua kipande cha mua alichokula akitoka sokoni, embe bichi lenye chumvi na pilipili alilogawana na jirani, na kijiko cha mchuzi cha kuonja chumvi, ambacho kwa kweli vilikuwa vitatu. Chakula kinacholiwa umesimama hakihesabiwi kuwa chakula.

Ugali ndio unaonitoa jasho, kwa sababu walikula kwenye sinia moja. Natoa matonge ya udongo ya ukubwa wa aina tatu, anachagua la kati, kisha anafumba macho na kuhesabu. "Yangu hayakuzidi kumi na mbili. Nilikuwa namwachia mdogo." Kuhusu sukari namuuliza robo kilo inakaa siku ngapi, na anajibu kwamba inakaa siku mbili, kwa watu watano. Hiyo ni gramu 25 kwa kila mtu kwa siku, kabla ya kuhesabu maandazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke chini ya nusu ya hapo. Simwambii, kwa sababu nimekuja kuuliza, na mtu aliyekwisha kuhubiriwa hatakwambia ukweli kesho.

Saa 1:40 usiku

Naingiza namba kwenye kishikwambi, safu moja ya alama na safu nyingine ya gramu zilizobaki. Kwa watoto safu hizo mbili zinakubaliana karibu kila mstari. Kwa vijana waliohojiwa nyuma ya kibanda zinakaribiana. Kwa wazee zinaachana vibaya, na kama nisingekuwa na mizani ningeripoti kwamba baraza zima liliridhika na kila kitu.

Nampigia simu msimamizi na kumwomba tuongeze uji mmoja wenye ukwaju. Ananisikiliza hadi mwisho, kisha anasema kwamba fomu haibadilishwi katikati ya utafiti, kwa kuwa waonjaji wa wiki iliyopita na wa wiki ijayo ni lazima waulizwe jambo lilelile. Hoja yake ni sahihi, ingawa hainiridhishi. Kwenye safu ya maoni naandika: "Mwonjaji wa 7, mwanamke, miaka 74, aliomba ndimu. Wawili walimuunga mkono." Kisha nawasha mizani, naweka mfuko mtupu juu yake, nairudisha kwenye sifuri, na kuanza kumimina sukari ya kesho: gramu 30.