Macho makavu na chupa tano za mafuta ya samaki

"Dokta, macho yangu yanamwaga machozi, huo ukavu unatoka wapi?" Nilimuuliza hivyo aliponiambia nina macho makavu, kwa sababu nikishona, machozi yalikuwa yakidondokea kitambaa cha mteja.

Akanieleza kuwa machozi mazuri yana utando mwembamba wa mafuta juu yake unaozuia maji yasikauke upesi. Mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vilivyojipanga ukingoni mwa kope. Vyangu viliziba. Jicho likikauka huwasha, nalo hujitetea kwa kumwaga maji matupu yasiyokaa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemeza vidonge vya omega-3, yaani mafuta ya samaki, miezi mitano, kwa ushauri wa duka la dawa. Chupa moja ilimeza ushonaji wa magauni mawili. Kila asubuhi niliamka nikitumaini ile hisia ya mchanga machoni imeondoka, na kila asubuhi ilikuwepo.

Daktari hakunikaripia. Alinisimulia utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2018: watu 535 wenye macho makavu, mwaka mzima, wengine wakipewa miligramu 3,000 za omega-3 kila siku, wengine mafuta ya zeituni bila kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini waliomeza omega-3 hawakuwazidi wenzao kwa tofauti ya maana. Iliniuma nilipokumbuka zile pesa. Ila nilimwelewa jirani yangu anayeapa kuwa vidonge vilimponya; nafuu aliipata kweli.

Kilichonisaidia mimi ni kukanda. Nachovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo ngozi inayavumilia, nakamua, naweka juu ya macho niliyoyafumba. Kikipoa nachovya tena, hadi zitimie dakika kumi. Kisha nasugua kope taratibu kuelekea ukingoni, mafuta yaliyoganda yatoke. Asubuhi na kabla ya kulala. Wiki mbili za mwanzo sikuona kitu, nikakaribia kuacha. Ya nne nikaweza kutunga uzi jioni bila kufumba jicho moja.

Feni nimeigeuzia ukutani, maana ilikuwa inanipuliza usoni kutwa. Na kila nikimaliza mshono napepesa macho mara kadhaa, kwa kuwa ukikodolea sindano unasahau kabisa kupepesa.

Dagaa naendelea kula, ni chakula kizuri. Pesa ya vidonge sasa inanunua matone ya machozi ya bandia. Nikizembea kukanda siku mbili tatu, mchanga unarudi.