Nilivyozielewa faila za wanyama kwa beseni la mama mdogo

Nilirudi kwenye masomo nikiwa na miaka 26, mtahiniwa wa kujitegemea, huku nikimsaidia mama mdogo kuanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Mada ya faila, yaani makundi makuu ya wanyama, ilinitesa. Nidaria, Platihelminthe, Anelida: nilikariri usiku, asubuhi sikumbuki hata moja.

Siku za mbalamwezi ndizo zilizoniokoa. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mwezi ukiwaka, kwa sababu taa zao hazivuti samaki ipasavyo. Mwalo ukipoa, nilichukua beseni na kutembea kwenye mawe ya ufukweni, nikiokota kila chenye uhai. Sikuingia majini ovyo, maana kichocho kipo.

Kosa langu lilianzia kwenye neno mnyoo. Katika daftari nilikuwa nimewaweka pamoja mnyoo wa kichocho, askarisi wa tumboni na nyungunyungu wa shambani. Kumbe jina moja, faila tatu! Wa kichocho yumo kwenye minyoo bapa, yaani Platihelminthe: utumbo wake una mlango mmoja, chakula kinapoingilia ndipo mabaki yanapotokea. Askarisi ni mnyoo mviringo, ana mdomo na mkundu, lakini mwili wake hauna pingili. Nyungunyungu, ambaye ni Anelida, ana pingili mwili mzima, na ruba niliyemkuta chini ya jiwe ni ndugu yake. Tangu hapo niliacha kuuliza mnyama anaitwaje au anaishi wapi, nikauliza mwili wake umejengwaje. Hata neno faila lina asili ya Kigiriki, lenye maana ya kabila au ukoo. Ernst Haeckel, Mjerumani, ndiye aliyelianzisha kwenye sayansi mwaka 1866.

Kaa na konokono nao nilikuwa nawachanganya, kwa kuwa wote wana gamba. Kaa hujivua gamba lake ili akue, na miguu yake ina viungo, kama ya kamba, buibui na mbu. Konokono hajivui, gamba lake huongezeka ukingoni kadiri anavyokua. Huyu ni moluska, ukoo mmoja na pweza.

Mama mdogo aliniona nikipanga mafungu, akauliza, "Na dagaa unamweka wapi, mwanangu?"

"Pamoja na sisi, mama. Ana uti wa mgongo."

Alimshika dagaa mmoja, akampasua kwa ukucha, akautazama ule uti kwa muda.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni konyeza wa ziwani, wa faila ya Nidaria, kidude cheupe kinachopitisha mwanga, upana wake kama sentimita mbili. Ziwa Tanganyika linaye, ingawa jamaa zake wengi wako baharini. Mwanasayansi Mwingereza J. E. S. Moore alikuja hapa mwaka 1896 akiamini kwamba ziwa liliwahi kuunganika na bahari. Dhana yake ilikataliwa baadaye, lakini naelewa kilichomsukuma.

Faila moja sikuweza kuiokota: Ekinodamata, ukoo wa kiti cha pweza, kwa kuwa haina mnyama hata mmoja wa maji baridi. Nilimpigia simu binamu yangu aliye Tanga. Jioni ile ile alinitumia picha ya kiti cha pweza kiganjani mwake, mikono mitano imetandazwa. Niliichora kwenye daftari, kwenye nafasi niliyokuwa nimeiacha wazi.